Nati Kumi na Gari Lisilo na Nati

Leo nimejiaibisha kanisani, jamani, na pete za watu zikiwa mfukoni mwangu. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na wengine walioongeza chumvi.

Binamu yangu Ewoi alikuwa anafunga ndoa Kakuma saa tano asubuhi, na mimi ndiye msimamizi wake. Rafiki yake wa Nairobi alimwazima gari jekundu la michezo, la viti viwili, limeinama chini kama kiatu. Wa kuliendesha nilikuwa mimi, bila shaka. Miaka kumi na mmoja naendesha Landkruza ya shirika hapa Lodwar. (Hayo niliyasema mara tatu kabla hatujatoka mjini.)

Sisi madereva wa mashirika tuna tabia yetu. Kila asubuhi unagonga nati za magurudumu, kwa sababu njia za huku huzilegeza, na mfukoni hukosi nati za akiba. Leo nilivaa suti, lakini nati zangu kumi nilizitia mfuko wa kulia, pamoja na pete. Kisanduku cha pete nilikiacha nyumbani, kilikuwa kinavimbisha koti. (Nati kumi hazivimbishi kitu, eti.)

Kilomita ishirini kabla ya Kakuma, mwiba ukaingia gurudumu la mbele. Sikushtuka. Nikatoa spea, nikapiga jeki, nikatia spana. Nati ya kwanza ikatoka na kitu kirefu nyuma yake.

"Stadi imekatika," nikamwambia Ewoi.

Stadi ni kile chuma kinachotokeza pale gurudumu linapokaa, na nati hufungwa juu yake. Ikikatika, hutoka pamoja na nati yake kichwani. Nimeona mara nyingi. Ya pili ikatoka vivyo hivyo. Ya tatu pia. Zote tano. Gurudumu likanibaki mkononi, na pale lilipotoka pana matundu matupu.

"Zimekatika zote, Ewoi. Hii gari haiendi."

"Zote? Na si tumekuja vizuri tu?"

"Ni Mungu ametushika."

Nilisema kwa upole, kama daktari. Naye akaniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Likaja lori la mbuzi linaloelekea Kakuma. Mbele kulikuwa kumejaa, kwa hiyo bwana harusi akapanda nyuma na suti yake nyeupe. Mimi nikabaki kulinda gari la watu na kumpigia simu fundi wa Kakuma alete stadi tano. Lori lilipopotea ndipo nikasikia pete zikigongana na nati mfukoni. Nikampigia Ewoi haraka. Simu yake ikalia kando yangu, kwenye kiti.

Fundi Jospin, Mkongomani, akafika kwa bodaboda baada ya dakika arobaini. Alikuwa amevaa suti chini ya ovaroli, maana anaimba kwaya katika harusi hiyohiyo. Akaokota stadi moja, akaitazama.

"Ndugu, nani alikuambia hii imevunjika?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Naona iko mzima. Hii ni bolti. Hii motokari haina stadi, haina nati. Bolti inaingia yenyewe kwa tundu."

Akaitia kwa vidole viwili, ikaingia laini. Akaniuliza kama niliwahi kuona stadi tano zikikatika siku moja, zote urefu mmoja. Nikainama kumsogezea spea. (Sikumwambia kwamba nilijaribu kuzivalisha nati zangu.) Dakika sita baadaye gurudumu la spea lilikuwa mahali pake.

Nikamchukua kwenye gari, nikamshusha mlangoni mwa kanisa, nikaenda kuegesha. Watoto wakalizunguka gari, nikachelewa kidogo. Kidogo hicho kilimtosha fundi.

Nilipoingia, saa sita na nusu, kanisa zima liligeuka, na kila uso ulikuwa unajua. Ewoi alikuwa mbele, nyasi begani, harufu ya mbuzi inafika benchi la tatu. Akiru, bibi harusi, alikuwa amengoja muda wote huo kwa viatu virefu. Kusema kweli, nilitaka kulia.

"Msimamizi, pete," akasema mchungaji.

Nikatia mkono mfukoni, nikampa. Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa nati.

Akiru akainama akaiangalia pia. Aliongea kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Mchungaji, hata hapa hiyo haina pahali inaingia."

Kanisa likavunjika mbavu. Ewoi alicheka mpaka akashika meza ya mchungaji, na hapo nikajua nimesamehewa.

Pete zimeingia vidoleni vizuri, namshukuru Mungu. Nati zangu zilibaki tisa. Ya kumi imekaa kwenye meza ya keki, na kila mgeni anapigwa picha nayo. Nyinyi mnaosoma, angalau nyinyi, msinicheke.