Bendi Tatu kwa Transista Moja

Jumatatu, 2 Juni

Ghati amerudi kwao Gorong'a. Sababu ni sufuria. Nilihitaji bati nene la kupozea amplifaya ya redio, nikaikata sufuria yake kubwa, ile ya harusi. Nilimweleza kitaalamu: transista isipopata pa kutolea joto hufa. Akasema sufuria nayo ilikuwa na kazi zake. Akafunga nguo, akaondoka.

Nyumba kimya. Nina hofu, na njaa pia.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa baba mkwe, Mzee Wangwe, mwenyekiti wa sungusungu. Nikatoa shikamoo, nikasimama mbali. Amesema mke aliyekasirika harudishwi kwa maneno matupu. Ila walinzi wake wana redio za kuitana walizopewa kwa msaada, za aina tatu, kila aina na bendi yake, na hakuna inayovusha sauti ng'ambo ya mlima. Nikiwatengenezea chombo cha kuzivusha zote, Jumamosi naondoka na Ghati. Nikakubali kabla hajamaliza.

Fundi Nashoni, mshindani wangu wa redio, alikuwepo. Huyu hukosekana wapi? Akashauri amplifaya tatu, kila bendi na yake. Nikasema hizo zitamaliza betri ya sola kabla jogoo hajawika. Yangu itakuwa moja, bendi zote, na itakula umeme kidogo. Wazee waliokuwepo wakaafiki. Nashoni akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alhamisi, 5 Juni

Bendi ya kati safi! Umeme karibu wote unafika kwenye antena. Bendi ya chini na ya juu ni balaa: zaidi ya nusu inageuka joto. Ni kiatu kimoja kwa miguu ya watu watatu. Nikilegeza koili ya waya huku, kule kunabana. Transista mbili zimeungua. Imebaki moja.

Uamuzi: Jumamosi tutajaribu bendi ya kati tu. Nani atauliza?

Ijumaa, 6 Juni

Sijalala. Mzee ametuma neno kwamba chombo kitafungwa penye betri. Betri iko chumbani kwa mama mkwe. Chumbani! Sisi Wakurya mkwe hakanyagi huko, hata nyumba ikiungua. Nitairekebishaje koili nisiyoiona? Nimewaza kujifanya mgonjwa. Lakini nikiugua, Ghati anabaki kwao.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike kabla ujasiri haujaniisha. Nilisimama nje, chini ya dirisha. Ghati ndani na bisibisi, mimi nikimwelekeza kupitia ukutani. Bendi ya kati ikavuka mlima, mlinzi wa upande wa Serengeti akajibu, wazee wakapiga makofi. Ghati akachungulia dirishani, anacheka. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ndipo Nashoni akaomba, kwa adabu kabisa, tusikie na bendi ya chini. Nikasema kesho. Mzee akasema sasa. Ghati akahamia bendi ya chini, na punde akauliza mbona bati linanuka. Nikaona moshi. Transista yangu ya mwisho! Miguu iliamua yenyewe. Nilipozinduka nilikuwa katikati ya chumba, amplifaya mkononi, uso kwa uso na mama mkwe, amekaa kitandani anachambua mchicha. Akajifunika khanga usoni.

Nilidhani nitachapwa. Mzee alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mbuzi wa kuisafisha nyumba aje kesho, na nimlete mwenyewe. Kuhusu Ghati hakusema lolote. Nimerudi peke yangu.

Jumatatu, 9 Juni

Mbuzi ameliwa. Nashoni alipewa paja.

Ghati anarudi jioni hii, kwa sharti moja: niape mbele ya baba yake kwamba amplifaya haitaingia tena ndani ya nyumba yetu. Amesema nikivunja kiapo ataondoka, na safari hiyo mtu asijisumbue kumfuata. Nimeapa. Machozi yalinitoka, tena ya kweli. Nampenda yule mwanamke.

Nyumba nimeifagia. Ndani hutaona hata kipande cha waya. Meza, koili na transista mpya viko jikoni. Jiko letu liko nje, lina paa lake na mlango wake. Na kosa nimeshaligundua: bendi zilikuwa tatu. Zikiwa nne, zitatulia.