Fundi Cherehani Avuka Uwanja kwa Viatu Vyote Viwili

Jumatano, tarehe tisa mwezi wa nne, kulikucha kwa manyunyu, uwanja ukateleza kama sabuni. Sogeeni basi, mlio karibu na mlio mbali, msikie jinsi Fundi Cherehani, simba wa mapindo, mshindi wa zipu sugu, alivyovuka uwanja wa nyumba yake. Naye Mola atujalie pumzi ya kuifikisha habari hii.

Miguu ya shujaa ilikuwa imeasi. Usiku iliwaka kama iliyokanyaga makaa; mchana ilikufa ganzi, isimletee habari kama amekanyaga mkeka au msumari. Jana yake alifika kwenye kibanda chake cha kushonea na ndala moja, nyingine imebaki topeni, naye hana habari. Mkewe akakifunga kibanda, ufunguo akautia shingoni.

"Baba watoto," alisema sasa, amesimama mlangoni pa kibanda, "ukinifikia hapa na viatu vya kamba na fimbo, ufunguo wako. Ukija na ndala, utashonea ndotoni."

"Nivae viatu uwanjani kwangu kama mgeni wa harusi?"

"Mgeni wa harusi anajua viatu vyake viko wapi," akadakia shemeji yake kutoka barazani.

Neno hilo lilimchoma palipobaki na hisia. Akafunga kamba, akashika fimbo kama mkuki, akashuka kizingiti akiinua magoti kama jogoo, macho chini, maana asichokihisi sharti akione. Penye mfereji, majeshi ya tope yakamvamia. Kisigino kikateleza. Shemeji akanyanyuka.

"Kaa chini, shemeji," akanguruma shujaa, akiinua uso kwa fahari. "Mfereji huu niliuchimba mimi. Hauna ubavu wa kuniangusha."

Lakini alipoinua uso, mguu wa kulia ukampotea; hakujua uko nchi kavu au majini. Fahari akaimeza, kichwa akakiinamisha, akauona unaning'inia ukingoni, akaurudisha. Hatimaye akagusa mlango, na historia ikapiga magoti.

Mkewe akampa ufunguo, akamkalisha, akamvua viatu. Ndani ya cha kushoto mlikuwa na kifungo cha koti, kimechimba unyayo hadi damu, na mshindi bado anatabasamu.

Tabasamu likazimika. Akamtazama mkewe, akamtazama shemeji.

"Mungu anasikia, nanyi ni mashahidi," alisema. "Sitavaa tena kiatu kabla ya kukikung'uta. Na kila jioni, mama watoto, nyayo hizi utazikagua, nami sitabisha."