Sketi ya Leza na Ndama wa Mahari

Leo ndama amenikokota mbele ya wakwe. Tena si wakwe zangu, ni wa dada yangu Milembe, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Nianze asubuhi. Leo ng'ombe wa mahari ya dada walikuwa wanaletwa nyumbani kwetu Sapiwi. Mimi naishi Bariadi mjini, najifunza kushona kupitia video za kwenye simu (mwalimu wangu hanijui, lakini tunagombana kila siku). Nikaamua sivai cha kununua, navaa nilichoshona mwenyewe: sketi ya leza, ile ngozi ya bandia wanayovalisha makochi. Nyeusi, inang'aa, na nyuma kiunoni ina mkanda unaoning'inia kama kitanzi kikubwa. Urembo tu huo. Hauna kazi.

Leza msiione hivi! Ukichoma pini, tundu halizibiki. Nikabana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Ikagoma kuteleza kwenye cherehani, nikatandika gazeti juu yake, nikashona, kisha nikalichana. Pasi ndiyo usithubutu, inayeyuka. Mishono nikailaza kwa kuigonga na mchi (jirani akanigongea mlango kuuliza kama kisamvu kimeiva).

Nafika nyumbani, wa kwanza kuniona ni Shangazi Kabula. Nikamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka. Umekuja na kochi?"

Dada akanivuta pembeni. Macho makavu. "Nyanzala, hiyo kitu ikichanika mbele ya wakwe zangu, usinijue."

"Haichaniki."

"Apa."

Nikaapa! (Huku moyoni namwomba Mungu auangalie ule mshono wa nyuma.)

Ng'ombe wakafika, vigelegele vikapigwa, vumbi likatimka. Jike mmoja alikuja na ndama wake, na katika purukushani ndama akapotezana na mama yake. Akawa anazurura uani. Nani ana habari na ndama? Watu wanahesabu pembe.

Jua likapanda. Ndani ya ile sketi nilikuwa naiva kama michembe ya viazi vitamu. Lakini natembea kwa maringo, nasikia wasichana wa upande wa bwana harusi wananong'ona, "Kainunua wapi?" Nikazidi kuringa.

Ikaja saa ya chakula. Kunawisha wageni nikapewa mimi. Nikaenda kwanza kwa baba yake bwana harusi, mzee mwenye kanzu nyeupe pee, nikapiga magoti, jagi mkono huu, beseni mkono ule. Mara nikasikia navutwa nyuma. Nikajua ni Shangazi, kaona nimepiga magoti vibaya.

"Shangazi, niache," nikanong'ona.

Nikavutwa tena.

"Shangazi bwana, niache!"

Sauti ikatoka kule kwenye masufuria ya wali: "Mimi niko huku!"

Ua wote ukageuka. Nami nikageuka. Ndama! Ananyonya mkanda wangu huku kafumba macho, kafika kwa mama.

Watu wakalipuka kwa kicheko. Ndama akashtuka, akarusha kichwa, kitanzi kikamwingia shingoni, akatoka mbio. Na mimi nyuma yake! Maji ya jagi na ya beseni yote kwenye kanzu ya mzee. Mimi nimekaa chini, naburuzwa kinyumenyume uani hadi kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe, ndipo wanaume wakamdaka, wasichana tayari wameshanipiga picha kwa simu.

Dada kajifunika uso kwa mikono.

Nikapeleka mkono nyuma. Nikapapasa mshono. Nikapapasa tena.

"Haijachanika!" nikapiga kelele, nikiwa bado nimekalia kinyesi.

Mzee akaja, kanzu inachuruzika maji. Nikajua mahari imekwisha. Akainama, akaushika mkanda, akauvuta kwa nguvu zake zote. Wapi!

"Umeshonea nini?"

"Uzi wa nailoni, baba. Nimeurudia mara mbili."

Akawageukia wenzake. "Ng'ombe zangu wanakata kamba kila leo, na huyu binti kashona kitu kimemshinda ndama!"

Akacheka mpaka akakalishwa kwenye kiti. Nikaletewa kitambaa chenye maji, nikafuta mara moja tu, sketi ikang'aa kama imetoka dukani. Vitenge vyao vyote vina vumbi! Mama mkwe wa dada akaishika, akaigeuza, akasema anataka koti la hivyo hivyo. Dada anataka gauni jekundu la sendofu, siku atakapoagwa. Hata Shangazi kaninong'oneza: "Nishonee mkoba, mwanangu. Mdogo tu."

Wateja nimepata, mahari imepokelewa, mshono umesimama. Ila atakayesambaza ile picha yangu na ndama, akija kushonewa nguo kwangu, zipu nitamwekea mgongoni, pale mkono wake usipofika.