Mitaala Mitano na Basi la Njano

Jumatatu, 18 Agosti

Corinne ametoa amri. Hakuvua hata sare ya hospitali. Kasema nichague mtaala wa hesabu kabla ya Jumatatu ijayo, mmoja, Gerrit, sikia vizuri, mmoja, na niushikilie hadi Krismasi. La sivyo, shule zikifunguliwa, Tabitha na Ezra wanapanda basi la njano kama watoto wa wenzetu.

Basi la njano! Mimi, niliyepigana na basi hilo katika gazeti la mji mpaka mhariri akaniomba nimhurumie, ana shinikizo la damu!

Nimemweleza mke wangu, kwa upole uliosikika hadi kwa jirani, kwamba kuchagua mtaala si kuchagua soksi. Dunia ya hesabu ina kambi mbili. Watu wa Ngazi hawagusi kutoa mpaka mtoto amalize kujumlisha. Watu wa Mzunguko humwonjesha mtoto kila kitu, kidogo kidogo, kila siku, kama muuza jibini sokoni. Mwaka huu wa kwanza wa kuwasomesha nyumbani nilianza Ngazi, nikahamia Mzunguko, nikarudi Ngazi, nikaenda Mzunguko mwingine, na sasa niko Ngazi ya aina ya Kifini. Kila mara kwa hoja nzito. Corinne akasema uzito anaujua, maana maboksi ya vitabu anayabeba yeye kutoka barazani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeamua kuamua kisayansi. Kila mtaala huja na mtihani mdogo wa kumpima mtoto, ijulikane aanzie kitabu kipi. Nikaona ni haki kwanza niupime mtihani wenyewe. Nikaketi, nikaufanya. Swali la tatu: Ana ana matufaha matano, anampa Beni mawili, amebakiwa na mangapi? Nikaandika aya mbili kali kuhusu watunzi wa vitabu wanaodhani watoto hawana kazi duniani ila kugawiana matunda. Nikasahau kuandika tatu. Kompyuta ikajibu papo hapo: mwanafunzi huyu aanze na kitabu cha awali, pamoja na nyimbo.

Tabitha akataka kujua kama nitaziimba peke yangu au anisaidie.

Nilipokuwa nikimtungia mchapishaji jibu, Ezra alitumbukiza vipande vya mbao vya kuhesabia katika tundu la hewa ya moto sakafuni. Vyote vya bluu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema vilikuwa vinaenda kazini.

Sikukata tamaa. Nina mpango. Kesho mbele ya umma nitamwangusha Marlys Hoekstra, na Corinne mwenyewe atashuhudia.

Jumatano, 20 Agosti

Maafa!

Kila Jumatano sisi tunaosomesha nyumbani hukutana katika ukumbi wa chini ya kanisa, kila mtu na bakuli lake la chakula. Kina mama wote wa kikundi, na mimi. Malkia wao ni Marlys. Watoto sita, kitabu kimoja cha hesabu. Cha kijivu. Hakina picha. Jalada lina doa la kahawa, na watoto wote sita wamepita humo mmoja mmoja kama kuku mlangoni mwa banda. Ukimuuliza yeye ni Ngazi au Mzunguko, anajibu kwamba yeye ni Jumatatu hadi Ijumaa.

Mpango ulikuwa rahisi. Binti yake Mina ana miaka saba kama Tabitha. Nikapendekeza kwa sauti ya kuchangamsha tu kwamba mabinti wahesabu sahani za karatasi, tuone njia ipi inazaa matunda. Mina akahesabu zote, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya misumari. Makofi ya adabu.

Kisha Tabitha wangu! Akahesabu hadi ishirini kwa kupiga makofi. Akahesabu hadi ishirini kwa wimbo. Akahesabu hadi ishirini kwa makundi ya tano, kisha kinyumenyume. Ukumbi ukalipuka. Nikainama kidogo, kama baba wa bingwa.

Ndipo Marlys, huku anapakua makaroni, akamwambia endelea basi, kipenzi, sahani bado zipo.

Tabitha akanitazama. Akamtazama Marlys.

"Baada ya ishirini linakuja boksi."

Akaulizwa boksi gani. Akaeleza vizuri kabisa, kwa ufasaha alioutoa kwangu, kwamba tukifika ishirini Baba hukikasirikia kitabu, halafu linakuja boksi jipya, halafu tunaanza tena na moja. Ezra akaongeza kuwa yeye anapenda plastiki yenye mapovu.

Corinne alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sinia la jeli. Akaliweka mezani polepole. Polepole mno. Jeli haikutikisika.

Marlys akanigusa bega, akasema mchagua jembe si mkulima, ndugu Bouwsma. Nikamjibu kwamba hata jembe lina falsafa yake. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Walikuwa wakimsogezea mwanangu keki.

Alhamisi, 21 Agosti

Corinne anazungumza nami kupitia Ezra. Mwambie baba yako maziwa yameisha. Mwambie baba yako mtoto wa miaka saba anajua namba chache kuliko vidole vya familia hii. Ezra anafikisha ujumbe wote kwa ukamilifu, hata uso anauiga.

Tabitha kaniuliza, tulipokuwa peke yetu, kama ishirini na moja ni ngumu sana, ndiyo maana huwa hatuendi. Nikasema si ngumu. Akasema basi anaitaka.

Nimekwenda kukata nyasi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mnada wa vitabu vilivyotumika, ukumbi uleule. Nimepeleka mitaala yote mitano. Haukununuliwa hata mmoja. Wanawake wanafungua, wanaona maoni yangu pembeni mwa kurasa, wanafunga. Mmoja akacheka, akamwita mwenzake, wakasoma pamoja, bado hawakununua. Mwishowe nimeigawa bure kwa maktaba ya kanisa, ambayo iliipokea kama mtu anavyopokea paka.

Marlys akanipa nakala yake ya akiba ya kitabu cha kijivu. Sharti moja: nisiandike pembeni. Nikameza mate, nikakipokea. Corinne akanena nami moja kwa moja, bila Ezra: kitabu hicho, hadi Krismasi, na boksi lolote likigusa baraza letu, mchezo umekwisha. Nimeapa. Nimeapa kwa mdomo na kwa moyo.

Jumatatu, 25 Agosti

ISHIRINI NA MOJA! Asubuhi, kabla ya uji wa shayiri kupoa! Tabitha aliitamka kwa kunong'ona, kama mtu anayeingia chumba cha wageni. Kisha ishirini na mbili. Kisha akanikumbatia shingoni.

Ushindi huu ni wangu. Lazima niseme tu kwamba maelezo ya makumi katika ukurasa ule ni ya kishenzi. Kuna watu Estonia wanaoyaeleza kwa kamba na vifungo. Hakuna ubaya kuagiza sampuli kwa posta ya haraka. Kiapo kilitaja baraza LETU. Nimeandika anwani ya Marlys.

Ijumaa, 29 Agosti

Marlys amegonga mlango. Amekuja na mikate ya nyama ya nguruwe na boksi. Akasema posta wamechanganya, jina ni la Gerrit, anwani ni yake, loo, watu hawa. Alikuwa akinitazama mimi. Boksi alimkabidhi Corinne.

Nilikuwa na utetezi ulioandaliwa, wenye sehemu nne. Sikufika popote. Tabitha alikuwa mezani, amefika arobaini na tatu. Akaliona boksi. Hakulia. Akafunga kitabu cha kijivu, akakisukuma kando, akanyoosha mgongo, akaanza:

"Moja. Mbili. Tatu."

Corinne alikwenda kutafuta mikoba ya shule.

Jumanne, 2 Septemba

Basi limekuja. Ni la njano kuliko nilivyodhani. Ezra amepanda bila kugeuka. Tabitha amegeuka, akanipungia, akapanda.

Nyumba kimya. Nimefungua boksi la Estonia. Vifungo vizuri sana.

Wamerudi alasiri. Nikauliza, kwa utulivu kabisa, mwalimu wa hesabu ameanzia wapi. Tabitha akasema moja hadi ishirini, kukumbushana tu, na kesho wanaendelea. Alikuwa na furaha.

Moja hadi ishirini! Huo ni Mzunguko! Mzunguko mtupu, tena wa kienyeji!

Mkoba wa Ezra ulikuwa na tangazo: shule inatafuta mzazi mmoja wa kujitolea, aketi katika kamati itakayochagua kitabu kipya cha hesabu kwa wilaya nzima. Corinne kauliza, kwa wasiwasi, mbona natabasamu.

Nimepiga simu shuleni. Hakuna mwingine aliyejitokeza. Naanza Alhamisi.