Kidole cha Mgonjwa

Jumatatu asubuhi, mbele ya foleni ya watu walioshika mashavu, Mwenyekiti Danford alitangaza rasmi kwamba kliniki yake ya meno, pale Nsemulwa, imetokomeza matukio yanayojirudia. Cheti kingezinduliwa Ijumaa, kwa hotuba na makreti ya soda.

Kazi haikuwa ndogo. Mwezi uliopita Mzee Malale alikuja na jino bovu la kushoto, akang'olewa zima la kulia. Wiki iliyofuata yakamkuta Mama Specioza wa Ugalla, vilevile. Kamati ilikaa siku mbili, ikala kuku, ikabaini kuwa mmoja ni mwanaume na mwingine mwanamke. Kwa hiyo hakuna kilichojirudia.

Muuguzi Felista ndiye aliyetaka kuharibu mambo.

"Bosi, kadi inasema kushoto. Daktari Adolf anatazamana na mgonjwa, anashika kushoto kwake yeye. Si tumwambie mgonjwa aonyeshe tu kwa kidole?"

Danford alimwonea huruma. "Felista, kidole cha mgonjwa ni kifaa tiba kilichosajiliwa?"

"Hapana, bosi."

"Basi."

Mchana huohuo bango likatundikwa ukutani, lina sahihi yake na mhuri: MGONJWA HARUHUSIWI KUMWELEKEZA MTAALAMU KWA KIDOLE.

Alhamisi jino la Danford mwenyewe, la kushoto, likaanza kumtoa machozi. Hotuba kesho angeisomaje? Akakaa kwenye kiti, akapanua mdomo. Daktari Adolf alisoma kadi, akachoma ganzi upande wa kulia. Danford akaguna, akainua kidole. Adolf akakishusha kwa heshima zote.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema, akitazama bango. "Utaratibu."

Jino lilitoka jeupe, zima, halina hata doa. Felista akafungua daftari la matukio.

"Pole sana, bosi. Niandike limejirudia?"

Danford alikitazama cheti mezani, kimeshatiwa fremu.

"Andika la kwanza," alisema huku kauma pamba. "Mimi ni Mwenyekiti. Wale hawakuwa wenyeviti."

"Sawa. Na lile bovu?"

Lile bovu lilikuwa linamtwanga mpaka sikioni. Danford alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa bango hadi maandishi yote yakafunikwa. Akarudi kwenye kiti, akaweka kidole juu ya jino la kushoto, na hata Adolf alipokuja na sindano, hakukitoa.