Daktari Asiye na Koti Jeupe

Jumatatu, 4 Machi

Nimetazama tena ile tamthilia ya daktari wa mifugo, kwenye runinga ya jirani yangu Kinyozi, dukani kwake. Mwanamke mzuri, koti jeupe pee, hata tone la uchafu hana. Ng'ombe kalala, familia inalia, vinanda vinalia. Daktari anaweka kiganja kwenye paji la ng'ombe. Ng'ombe anasimama! Wanakumbatiana wote, na ng'ombe.

Nikatangaza mbele ya wateja kwamba binti yangu kazi yake ni hiyo hiyo. Kinyozi akacheka mpaka wembe ukamtetemeka juu ya kisogo cha mtu. Akasema huyo binti labda ni wa redioni, maana tunamsikia tu. Mwanawe yeye, muuza dawa, huja kila Jumapili. Mshenzi. Mimi wangu sijamwona tangu tulipomzika mama yake.

Lazima aje. Tena aje mchana kweupe, Kinyozi amwone.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia. Nikasema mbuzi wangu yu taabani. Saa hiyo mbuzi alikuwa anakula kamba ya kuanikia nguo.

Binti akaanza maswali ya kipolisi. Anacheua? Kinyesi kikoje, kigumu au laini? Tamthilia nzima sijawahi kusikia neno kinyesi! Nikasema anatazama mbali kwa huzuni. Kisha akasema, baba, mbuzi wote hutazama mbali. Nitume picha ya kinyesi, yeye yuko machinjioni anakagua nyama.

Nimempiga mbuzi picha ya uso. Nilimpaka mate chini ya macho, yaonekane machozi. Sijajibiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Tumbo! Jana kwenye tamthilia mnyama alivimba tumbo, na daktari akafika mbio kabla tangazo la sabuni halijaisha.

Nimempa mbuzi ndoo ya mahindi makavu. Alikula kwa adabu zote. Nikaongeza pumba. Akashushia na maji. Nikakaa kusubiri avimbe kidogo tu, kiasi cha kumleta binti.

Mbuzi hajui kuvimba kidogo! Kufikia alasiri upande wa kushoto ulikuwa ngoma, anasaga meno, anakoroma. Nikamwekea kiganja kwenye paji. Nikamwimbia hata ule muziki. Akanitazama, akaanguka.

Mara hii nilimpigia binti bila kupanga maneno. Akauliza mbuzi amekula nini. Nikasema majani. Akasema anakuja, atasafiri usiku huu huu.

Ijumaa, 8 Machi

Amekuja. Kinyozi ndiyo kwanza anafungua duka.

Pikipiki ya zamani. Buti za mpira zenye tope. Ovaroli ya kijani yenye madoa ambayo sikutaka kuuliza ni ya nini. Hakunikumbatia, alinipita moja kwa moja hadi kwa mbuzi. Akamsukumia mrija wa mpira mdomoni mpaka tumboni. Upepo ukatoka, na maji machungu, vyote usoni kwangu. Kisha mahindi. Punje baada ya punje. Binti akayatazama, akanitazama mimi. Hakukuwa na muziki.

Alipiga magoti kwenye uchafu ule mpaka karibu adhuhuri. Mbuzi akasimama. Hakukumbatia mtu.

Hapo Kinyozi akatokea mlangoni kwake, taulo begani, wateja nyuma yake. Akapaza sauti: eti babu, huyo mama wa mabuti ni nani, mzibua vyoo?

Nikamtazama binti. Ovaroli. Madoa. Ute wa mbuzi shavuni. Nikasema ndiyo, choo kiliziba. Maneno yalitoka yenyewe! Nikaongeza kwamba daktari yuko njiani.

Binti alikuwa bombani, ananawa. Hakugeuka. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akafunga bomba vizuri. Akasema mbuzi asipewe nafaka, anyweshwe maji kidogo kidogo. Akamalizia: haya mzee, kwaheri.

Mzee. Kama anavyowaaga wateja.

Nyuma ya pikipiki palikuwa na begi la nguo, lile kubwa, limefungwa kwa kamba. Limeondoka kama lilivyokuja.

Jumapili, 10 Machi

Mwana wa Kinyozi amekuja na katoni ya maji ya kunywa. Sikutoka ndani.

Nimempigia binti, hapokei. Nimemtumia ujumbe kwamba mbuzi anamsalimia.

Jumatatu, 11 Machi

Amekuja mama mmoja mnene, anafanya kazi na binti. Akasema ametumwa kumchukua mbuzi, kwa usalama wa mbuzi. Alitamka hivyo hivyo, kwa usalama wa mbuzi, Kinyozi anasikia!

Nikamuuliza kama binti amesema lolote juu yangu. Akafikiri. Akasema ameulizia kama nakula. Nikamwambia apeleke jibu kwamba siku hizi sili kabisa. Akatazama kitambi changu, akawasha gari.

Ua mtupu. Nimekaa juu ya ndoo nikafikiri sana, na kosa langu nimeliona. Mbuzi ni mnyama mbishi, kumfanya augue ni kazi ya siku nzima. Nikaenda kwa fundi cherehani, nikamwagiza koti jeupe la kike, vipimo kwa kukisia. Kutoka hapo, sokoni. Muuza kuku ameniapia kwamba kuku wake huugua hata kwa upepo.

Nimenunua jogoo na mitetea. Nimewafungia penye upepo.