Tambuu ya Karafuu Mbili

Jumamosi, 2 Rajabu

Msimamizi wa jumba amefariki. Kala matikiti mawili kwa mkupuo mmoja, mchana wa jua kali. Mungu amrehemu. Nafasi yake iko wazi na mimi naitaka.

Anayeitaka pia ni Khwaja Sumbul, towashi mkuu wa mlango wa wanawake. Mrefu, mkimya, hahongeki, hana hata tabia moja mbaya ya kumshikia. Simpendi kabisa. Mimi Mirza Shadman nimekuwa mtunza tambuu wa Mwanamfalme Jahanyar kwa miaka kumi na tisa. Hapa Rajmahal hakuna mtu mwenye cheo aliyetafuna kitu cha maana bila kupitia mikononi mwangu.

Bahati imenijia asubuhi. Mwanamfalme hali chakula, siku ya tatu leo. Tabibu kasema ni ini. Ini gani! Nimemkuta peke yake mbele ya ubao wa sataranji, ameshika kete ya waziri na kuiangalia kwa huruma. Akaniambia yote. Miezi miwili sasa anacheza na Mahpara Begum, yatima wa jemadari mmoja, anayelelewa na Bibi Mkubwa, nyanya yake Mwanamfalme. Binti anakaa nyuma ya pazia, yeye mbele, Sumbul katikati akizisogeza kete kwa niaba ya binti. Amefungwa mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja binti alichoka kumsubiri Sumbul, akatoa mkono mwenyewe na kumla waziri. Mkono huo ndio uliommaliza.

Shida ni kwamba kamanda mmoja, Zorawar Khan, kapeleka posa ya binti huyo. Miaka sitini, ndevu za hina, wake watatu, meno sita. Bibi Mkubwa atamjibu Ijumaa. Mwanamfalme ameongoza vita viwili, lakini nyanya yake anamwogopa, na hajui kama binti anamtaka hata kidogo.

Nimemwambia aniachie mimi. Akasema nikiweza kabla ya Ijumaa, usimamizi ni wangu. Nikikamatwa nikipenyeza barua kwa wanawake, yeye hanijui, na mimi nitakanyagwa na tembo. Nimekubali papo hapo. Nimeshachagua hata chumba.

Jumapili, 3 Rajabu

Nina akili mno. Wakati mwingine najishangaa.

Mwanamfalme kaandika beti nne kwenye karatasi nyembamba. Nimeikunja ndogo, nikaiweka ndani ya tambuu pamoja na popoo na katu, nikalifunga jani kwa karafuu. Tambuu zote hufungwa kwa karafuu moja. Hii nimeipa mbili. Nimetuma sinia ya tambuu ishirini na moja kwa Bibi Mkubwa, na mjakazi wa Mahpara nimemnong'oneza: bibi yako achukue ile ya karafuu mbili.

Alasiri. Bibi Mkubwa ameichukua yeye. Kaona karafuu mbili, akaamua ndiyo ya heshima zaidi, kwa hiyo ni yake. Kwa kuwa hana meno, wakamtwangia kwenye kinu chake cha fedha, mashairi na yote. Kameza.

Ameniletea salamu kwamba ilikuwa ngumu kidogo lakini tamu, na kesho anataka kumi za namna ile.

Jumatatu, 4 Rajabu

Nimebadili njia. Badala ya kumsukuma mpenzi mbele, nimrudishe mposaji nyuma. Zorawar Khan alikuwa anakuja leo kumsalimu Mwanamfalme, kisha apite kwa Bibi Mkubwa kujisifu. Mtu aliyeungua mdomo hajisifu. Nimemtengenezea tambuu yenye chokaa mara nne. Ulimi wake ungevimba mpaka Jumapili.

Mwanamfalme humpa mgeni tambuu kwa mkono wake anapomruhusu kuondoka, kisha naye huchukua yake. Nilimwekea ya Zorawar upande wa kulia wa sinia. Nilisimama wima, uso hauna habari. Kumbe Zorawar aliinama kwa heshima mpaka kilemba kikamdondoka, sinia ikazungushwa kumpisha, na kulia kukawa kushoto.

Zorawar katafuna, kashukuru, kaenda zake. Mwanamfalme katafuna, macho yakamtoka, na tangu hapo hajasema neno.

Sumbul alikuwa mlangoni. Aliniuliza kwa upole kama chokaa imeshuka bei.

Jumanne, 5 Rajabu

Mwanamfalme bado bubu. Ananitazama sana. Nimemwambia kuwa joto la mapenzi hupanda mdomoni. Karusha mto.

Halafu balaa. Bibi Mkubwa kaja mwenyewe, kwa machela, jambo asilolifanya tangu mwaka wa mafuriko. Kakaa, kamwambia mjukuu wake kwamba yeye si mtu wa kulazimisha, na kama ana neno lolote kuhusu Mahpara na Zorawar Khan, alitoe leo. Mwanamfalme alisimama. Akafungua mdomo. Jasho likamtoka. Akasema, "Mmmh."

Bibi Mkubwa akasema basi, amefurahi kuwa wanakubaliana.

Baada ya hapo kijana wa watu alilia. Alilia kweli, uso kwenye ubao wa sataranji, kete zikadondoka. Mimi ndiye niliyempa tambuu yake ya kwanza alipokuwa na miaka sita. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana, kisha nikapata mpango.

Jumatano, 6 Rajabu

Mpango usio na tundu.

Kesho kuna baraza. Wanawake watakaa nyuma ya ukuta wa mawe yaliyotobolewa, wasikilize. Nitapeleka kwa Mahpara tambuu moja tu, iliyofunikwa kwa utando wa dhahabu, barua ndani. Bibi Mkubwa hataigusa, maana dhahabu humganda kwenye fizi. Nani ataipeleka? Sumbul mwenyewe! Hasemi uongo, hafungui kisichokuwa chake, na hakuna anayemkagua. Nimemwambia ni zawadi ya Mwanamfalme kwa Mahpara Begum kwa ushindi wake wa sataranji. Alinitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama nina hakika ni ya dhahabu. Nikamwambia dhahabu tupu, Khwaja, hii si tambuu ya sokoni. Akasema haya.

Mwanamfalme kaandika barua nyingine. Hii haina mashairi. Inasema tu: "Ukinitaka, sema. Mimi siwezi." Maskini.

Jumla: karafuu mbili, barua moja, mpinzani mmoja anayenibebea mzigo bila kujua.

Alhamisi, 7 Rajabu

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Alfajiri nilitengeneza tambuu ya dhahabu. Nilipokuwa nafunga karafuu ya pili, Waziri akaleta agizo: anataka moja ya dhahabu kwa ajili ya baraza, upesi. Raja wa Kamrup kateka boti zetu na lazima mtu aende kumwadhibu. Kila mtu anajua inavyokwenda. Tambuu inawekwa katikati ya ukumbi, na anayeiokota na kuitafuna, vita ni vyake. Hakuna kurudi nyuma. Nikatengeneza ya pili, karafuu moja. Sinia mbili, watumishi wawili waliokuwa wananiharakisha, Sumbul anangoja mlangoni. Nikagawa.

Ukumbini Waziri akaweka sinia yake kwenye zulia na kutangaza safari ya Kamrup. Makamanda thelathini wakaanza kuchunguza nyuzi za zulia. Mmoja alikohoa mpaka nikamwonea huruma. Kamrup mvua hainyeshi, inahamia. Wachawi wa huko humgeuza mtu mbuzi, na homa humaliza wale wasiogeuzwa. Mimi nilikuwa nimetulia, nikachungulia kazi ya mikono yangu pale katikati.

Karafuu mbili.

Nikahesabu tena. Mbili. Barua ya Mwanamfalme, kwa mwandiko wake, ipo katikati ya baraza, na Sumbul kampelekea Mahpara jani tupu.

Hapo Zorawar Khan akageuza shingo kuelekea ukuta wa wanawake. Akazilainisha ndevu. Akaanza kuinuka, polepole, ili aonekane vizuri, akanyoosha mkono. Mtu mwenye meno sita hatafuni bila kufungua kwanza. Nikaliona jani likifunguka, barua ikisomwa, tembo akiitwa.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, mkono wa Zorawar hewani, na mdomo wangu umejaa dhahabu, popoo na "Ukinitaka, sema." Karatasi haitafuniki. Nikameza nzima nzima.

Ngoma ikalia.

Ndipo nilipokumbuka ngoma huwa inalia kwa sababu gani. Makamanda thelathini wakanishangilia, kwa moyo wote. Waziri akasema, "Mirza, sikukujua. Kumbe kifua hiki chote kilikuwa nyuma ya sinia?" Nikajaribu kueleza. Popoo ilikuwa bado mdomoni. Nikasema, "Mmmh."

Ijumaa, 8 Rajabu

Nimepata habari zote kwa mjakazi wa Mahpara.

Jana Sumbul aliingia na sinia yake nyuma ya ukuta. Bibi Mkubwa kauliza hiyo ni ya nani. Sumbul kajibu, kwa sauti ile ya mlangoni, "Ni tambuu ya dhahabu. Imetoka kwa Mwanamfalme Jahanyar, kwenda kwa Mahpara Begum." Wanawake wote wakageuka kumtazama Mahpara. Hata mimi nilipoambiwa nilijipiga paji la uso. Kwa sababu tambuu ya dhahabu ikitoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamwali, hiyo ni posa, na mwanamwali akiila, hilo ni jibu. Ndivyo alivyoolewa mama yangu. Ndivyo walivyoolewa wote.

Mahpara Begum hakuuliza kitu. Aliichukua kwa mkono ule ule, akaitia mdomoni na kuitafuna mpaka mwisho, huku akimtazama Bibi Mkubwa. Kisha akasema, "Miezi miwili namsubiri asogeze. Nilidhani nitazeeka."

Bibi Mkubwa kahamaki muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu kacheka, kwa maana kumnyima mtu tambuu iliyokwisha kutafunwa ni aibu ya ukoo mzima, na mjukuu wake hata hivyo ana meno yote. Zorawar Khan kapelekewa jibu la hapana na kapu la mapera.

Leo mchana wamevishana pete. Mwanamfalme amecheka, mara ya kwanza baada ya wiki, na ulimi wake unamtosha kusema maneno mafupi. Alinikumbatia. Nilifurahi mpaka machozi, nakiri. Kisha nikamkumbusha kuhusu usimamizi.

Kampa Sumbul. Anasema aliyepeleka tambuu ndiye aliyefanikisha, na pia mimi siwezi kusimamia jumba nikiwa Kamrup. Nikamwomba anifutie Kamrup. Kasema kwa masikitiko ya kweli kwamba ngoma imelia, tambuu imemezwa, na hata baba yake, Padshah mwenye dola yote, hawezi kuitoa.

Nimepewa joho la heshima. Linaburuta. Watu mia tatu, boti kumi na mbili, na tembo aitwaye Rehema ambaye tayari ananichukia.

Sumbul kaja kuniaga. Kasema miaka kumi na tisa nakunja majani na bado sijui jani linasema nini. Kumbe Jumatano ile alijua maana ya dhahabu, akadhani na mimi najua, hata akaniheshimu siku nzima. Akaongeza kwamba ningekaa kimya ukumbini, Zorawar ndiye angekwenda Kamrup. Nikamwambia wivu haujampendeza. Aliniachia chupa ya achari ya ndimu, nzuri kwa homa alisema. Sumu, bila shaka. Nimemwonjesha mwendesha tembo.

Jumatatu, 18 Rajabu

Mtoni, siku ya tisa. Mvua. Mwendesha tembo ni mzima na amemaliza achari yote.

Naogopa. Usiku naota nina pembe. Askari wananiita Jemadari Tambuu, wakidhani sisikii. Nilianza kukata tamaa kabisa, mpaka leo asubuhi tulipokutana na mvuvi anayetoka juu. Kasema Raja wa Kamrup hapendi vita, anapenda sataranji. Tena ana dada mjane, mwenye busara, ambaye ndiye anayemwendesha, na ambaye hajapata mtu wa kumwoa kwa sababu kila anayekuja anamwogopa.

Sijatulia mchana kutwa. Kwa nini nipigane na mtu ninayeweza kuwa shemeji yake? Nimeshaandika beti sita. Karatasi ninayo, majani mabichi mia mbili ninayo, utando wa dhahabu niliuchukua kabla Sumbul hajakabidhiwa ghala. Barua itakwenda kwa dada, ndani ya tambuu. Kwa Raja nitapeleka nyingine inayofanana nayo, ya amani, isiyo na kitu ndani.

Na safari hii siwezi kuchanganya. Ya dada nitaipa karafuu tatu.